Harufu ya Viza katika Chumba cha Mzazi

Kwamndolwa, Korogwe
Jumatatu asubuhi, Machi 2009

Mawingu yameshuka kutoka upande wa Dindira na kuufunika mji wote. Mvua haijaanza. Majirani zangu wakulima wanatazama juu kwa matumaini, nami natazama juu kwa sababu nyingine. Nataka jua lisitoke. Kama ningeweza, ningeyashika mawingu haya na kuyasukuma mpaka Handeni.

Sikulala vizuri. Kila nilipofumba macho nilisikia harufu ya mayai viza, humu chumbani kwangu ambamo hamna kuku wala yai.

Naandika ili niiondoe.

Jana nilikwenda Handeni pamoja na kaka yangu, Rajabu. Zamani alikuwa dalali wa mbuzi, na hapakuwa na mnada katika nyanda zile ambako sauti yake haikujulikana. Sasa ni kipofu na anaishi nami. Tulikwenda kumwona mjukuu wake, mtoto wa kwanza wa binti yake, Zubeda.

Ni lazima kwanza nieleze jinsi Rajabu alivyopoteza macho, kwa kuwa yote ya jana yametoka huko.

Biashara ilipofunguliwa milango, na maduka ya Korogwe yakaanza kujaa bidhaa kutoka kila upande wa dunia, Rajabu alikuwa mtu wa kwanza kijijini kwake kununua paneli ya jua na betri. Watu walikuja kutazama taa isiyotumia mafuta. Betri aliiweka chini ya kitanda, mahali ambapo mwizi hafiki bila kumkanyaga mwenye nyumba. Alasiri moja betri hiyo ilipasuka na asidi ikamrukia usoni.

Mkewe, ambaye sasa ni marehemu, alisema ni husuda. Majirani nao walisema ni husuda, kwamba kuna jicho lililoitazama ile taa likaitamani. Rajabu hakusema kitu, na asiyesema huhesabiwa kuwa amekubali.

Mimi nilijaribu kueleza. Nilikuwa mwalimu, na kueleza ndiyo kazi niliyoijua. Nilisema kwamba betri ya asidi ikishindiliwa chaji kupita kiasi huchemka kama sufuria. Kwamba maji yake hugeuka hewa isiyoonekana, na hewa hiyo ikikutana na cheche hulipuka. Walinisikiliza kwa heshima wanayopewa walimu, kisha wakaenda kutafuta hirizi.

Cheche ilitoka wapi? Hilo sikulijua. Nilimwuliza Rajabu mara moja tu, naye akaniambia niache.

Niliacha.

Safari ya jana ilianza vizuri. Njiani basi lilisimama kupisha ng'ombe wa wafugaji. Rajabu aligeuza sikio dirishani, akasema kwamba ng'ombe hao wamekonda. Nilitazama, walikuwa wamekonda kweli. Abiria mmoja alimwuliza amejuaje.

"Ng'ombe aliyeshiba hana haraka ya kwenda majini," alisema, na basi zima likacheka.

Nyumba ya Zubeda ni ya matofali ya udongo na paa la bati, kando ya barabara ya kwenda mnadani. Paneli imelazwa juu ya bati. Mumewe, Shabani, huuza matunda kwa abiria wa mabasi kule Mombo, na hurudi nyumbani mara chache. Zubeda hushona nguo na kuchaji simu za wapita njia, hasa wafugaji. Hata sasa akiwa mzazi, simu hupokelewa barazani na kupelekwa ndani. Tulimkuta mteja mmoja, mtu wa makamo aitwaye Saitoti, akiisubiri yake. Alimtambua Rajabu papo hapo.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye uliyeniuzia beberu tasa."

"Marahaba. Hakuwa tasa," Rajabu alimjibu. "Hakuwapenda tu mbuzi wako."

Bi. Fatuma, mama mkwe wa Zubeda, alitoka kutusalimu na kututandikia mkeka. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, na katika nyumba ile yeye ndiye anayemtunza mzazi. Huko bado wanashika arobaini sawasawa. Mzazi hatoki chumbani mpaka siku zake zitimie. Dirisha hufungwa, na nyufa zake huzibwa kwa vitambaa ili upepo usimpate mtoto. Makaa huwekwa kwenye kigae na ubani hufukizwa. Wanaume hatuingii. Mtoto angeletwa mlangoni, tungemwombea dua, tungeondoka.

Siilaumu desturi hiyo. Hata mimi nililelewa ndani yake, na mama yangu alinifukizia ubani huohuo.

Bi. Fatuma alipoufungua mlango wa chumba ili amchukue mtoto, harufu mbili zilitoka pamoja. Ya kwanza ilikuwa ya ubani. Ya pili ilikuwa ya mayai viza.

Aliona nimekunja uso, akaomba radhi. Alieleza kwamba kulikuwa na kuku aliyeatamia chini ya kitanda, na mayai yake yameharibika. Kuku amekwisha kutolewa na mayai yametupwa, lakini harufu imekataa kuondoka. Kwa hiyo wanaongeza ubani.

Rajabu alikuwa ameketi kando yangu, bado anatabasamu kwa ajili ya yule beberu. Tabasamu lile lilibaki usoni pake, lakini mwenyewe alikuwa ameondoka. Sijui njia nyingine ya kuliandika jambo hilo.

"Mkwe," alisema, "hayo mayai mliyapasua mkaona ni viza, au mliyatupa kwa sababu ya harufu?"

Bi. Fatuma alisema hawakuyapasua. Nani apasue mayai viza katika nyumba yenye kichanga?

"Na betri yenu iko wapi?"

Alijibu kwa fahari kidogo. Betri imo ndani ya sanduku la mbao, kando ya kitanda cha mzazi. Sanduku lina kufuli, na betri yenyewe imefunikwa kwa kitambaa cha maua alichokifuma kwa mkono wake. Mwizi haioni, wala jicho lolote haliioni, maana nyumba hiyo inajua yaliyompata yeye Rajabu.

Wameificha kwa sababu yake. Niliyasikia maneno hayo yakimwingia.

Alisimama na kushika fimbo yake, akaanza kuelekea mlangoni. Bi. Fatuma alimzuia. Alisema, bila ukali, kwamba mwanamume haingii kwa mzazi, tena mkwe wa nyumba hiyo, ambaye anapaswa kuwa wa mwisho kabisa kulifikiria jambo hilo.

"Naenda kwa mke wangu mdogo," Rajabu alisema, kama mababu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Mume haombi ruhusa. Tena macho sina, mkwe. Nitaona nini?"

Saitoti alicheka. Bi. Fatuma naye alicheka kwa kutotaka, na kicheko hicho kilimsogeza kando hatua moja. Sauti ya kaka yangu ilikuwa ya utani. Fimbo yake ilikuwa imekwisha kuvuka kizingiti.

Aliingia. Mimi nilisimama kizingitini, nikageuza uso pembeni.

Nilimsikia akimwuliza Zubeda kama kichwa kinamwuma. Zubeda alijibu kwamba kinamwuma tangu harufu ile ilipoanza, na kwamba macho ya mtoto hutoa machozi mfululizo. Ameambiwa ni uchovu wa uzazi, na kwamba mtoto naye atazoea.

"Mkwe," Rajabu alisema, "chukua kigae cha makaa utoke nacho nje. Taratibu. Usikipulize."

Bi. Fatuma hakusogea. Alisema mtoto atashikwa na baridi. Alisema arobaini haijatimia, na kwamba akimwachia mzazi apigwe na upepo kwa sababu ya harufu ya kuku, atamwambia nini Shabani? Alikuwa na haki ya kuuliza. Chumba kile kilikuwa amana yake.

Hapo ndipo kaka yangu aliposema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mimi.

"Haikuwa husuda. Niliisikia harufu hii kwa siku nyingi nikadhani ni kuku, kumbe ni betri. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya kitanda, nikawasha kiberiti niyatafute mayai."

Kisha Bi. Fatuma alinipita pale kizingitini, amekishika kigae kwa mikono miwili na kukiweka mbali na mwili wake, akitembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni. Alikwenda nacho mpaka mwisho wa shamba la mihogo. Moshi wa ubani ulimfuata nyuma.

Zubeda alitoka akiwa amejifunika kanga mbili, mtoto kifuani. Mwanga wa nje ulimfanya afumbe macho. Arobaini ilikuwa imevunjwa, na jua liliwapiga wote wawili mbele ya wanaume.

Rajabu alibaki ndani. Nilimwita atoke. Alinijibu kwamba kazi iliyobaki inamtaka mtu asiyehitaji taa. Nilimsikia akipapasa ukuta, akiling'oa dirisha lililovimba katika fremu yake, akivuta vitambaa vilivyoziba nyufa. Alituonya tusichomoe simu hata moja, kwa kuwa cheche ndogo inatosha. Akaniambia niifunike paneli.

Niliuchukua mkeka tuliokuwa tumeukalia. Saitoti alipanda juu ya kinu, nikampa, naye akausukuma kwa fimbo yake mpaka ukaifunika paneli yote. Tangu ujana wangu nimefundisha kwamba jua ni neema. Jana nililifungia mlango.

Alipotoka hatimaye, Rajabu aliketi uani mbali na nyumba, akasema tusubiri. Tulisubiri. Upepo uliingia kwa dirishani na kutokea mlangoni. Baada ya muda mrefu Saitoti aliuliza, kwa upole, kama simu yake bado ni nzima.

"Ni nzima," Rajabu alisema. "Haikupendi tu."

Tulicheka sote, hata Bi. Fatuma. Kilikuwa kicheko kibaya, kama cha watu waliotoka makaburini.

Harufu ilipopungua na betri ilipopoa, Rajabu alitueleza waya wa kuanza kuuchomoa, na mimi na Saitoti tuliingia. Kifuniko cha sanduku kilikuwa kimelowa kwa ndani. Ubavu wa betri ulikuwa umevimba kama tumbo la mbuzi aliyekufa njiani. Nilipokishika kile kitambaa, maua yake yalimeguka mikononi mwangu kama majivu. Asidi ilikuwa imekwisha kuyala. Nilikitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyonipasa. Kitanda cha mzazi kilikuwa karibu kiasi kwamba shuka lake liligusa sanduku.

Tuliibeba betri mpaka banda la kuni, ambalo halina kuta. Tulinawa mikono kwa maji mengi.

Zubeda alieleza yaliyotokea. Kile kidude cha kuzuia chaji isizidi, ambacho mafundi hukiita kontrola, kiliharibika wiki chache kabla hajajifungua. Shabani aliambiwa na mtu kule Mombo kwamba kidude chenyewe si cha lazima, kwamba hupunguza nguvu tu. Aliunganisha waya za paneli moja kwa moja kwenye betri. Kwa siku kadhaa mwanga ulizidi kuwa mkali, na simu zilijaa upesi. Walifurahi.

Naandika tena: walifurahi. Hiyo ndiyo sehemu inayoniogopesha kuliko zote.

Wakati wa kuagana, Bi. Fatuma alikuwa akimrudisha mtoto ndani, katika chumba ambacho dirisha lake sasa lilikuwa wazi. Aligeuka.

"Mtoto akishikwa na homa, mtanijibu ninyi wawili."

"Tutakujibu, mkwe," Rajabu alisema. "Homa ina dawa."

Katika basi hakusikiliza ng'ombe wala abiria. Tulikuwa karibu kufika Korogwe aliponigusa goti na kuniuliza mtoto anafanana na nani. Katika ghasia ile hapakuwa na mtu aliyekumbuka kumpakatisha mjukuu wake, na yeye hakuomba.

Nilifungua kinywa nimjibu, nikaanza kuukumbuka mchana wote. Nilitazama paneli, nikatazama makaa, nikatazama sanduku. Mtoto sikumtazama.

Nilimwambia ukweli.

"Basi tulikuwa vipofu wawili," alisema.

Hakuna kilicholipuka jana. Hakuna aliyeumia. Mtu anayepita barabara ile leo hataona alama yoyote ila mkeka juu ya bati. Ningepaswa kushukuru, nami nashukuru. Lakini jambo ambalo halikutokea halina mahali pa kuzikwa. Linazunguka. Ninapokunywa chai namwona Bi. Fatuma akiinama kuongeza ubani. Ninapofunga mlango nauona ule ufa wa dirisha uliozibwa kwa upendo.

Alfajiri ya leo Zubeda alipiga simu. Kichwa kimeacha kumwuma. Mtoto alipiga chafya usiku, na Bi. Fatuma hajaacha kuitaja chafya hiyo. Kisha alisema jambo alilokuwa ameliogopa kulisema. Shabani, alipoelezwa kwa simu, alikiri kwamba jirani mmoja, mzee aliye peke yake mbele kidogo ya mnada, alivutiwa na mwanga ule mkali akamwomba amfanyie vilevile. Shabani alimfanyia. Betri ya mzee huyo iko chini ya kitanda, na jua likitoka itaanza kuchemka tena.

Jana jioni Zubeda alimtuma Saitoti kwenda kumwonya. Mzee alimsikiliza, akamkaribisha uji, akamwambia kwamba mzazi aliyetoka nje kabla ya arobaini husema mengi. Kitu kimoja tu kilimfanya asite, Saitoti alisema: aliuliza kama ni kweli kwamba Rajabu mwenyewe, yule aliyepofuliwa na husuda, ndiye aliyesema kilikuwa kiberiti. Saitoti aliapa kwamba ni kweli. Mzee akasema atakubali atakapoyasikia hayo kwa kinywa cha Rajabu.

Nilipomweleza kaka yangu, alikuwa anatia udhu. Alimaliza, akaswali bila haraka. Kisha akaomba kanzu safi. Miaka yote hii aliwaachia watu waseme husuda kwa kuwa husuda inampata mtu mwerevu na mpumbavu sawasawa, bali kiberiti hukiwasha mwenyewe. Hayo aliniambia wakati nikimfunga vifungo. Leo anakwenda kuyasema mbele ya mtu ambaye zamani alimheshimu mnadani, na kesho yatakuwa yamefika kila boma.

Nilimpa pia salamu za mwisho za Zubeda, ambazo nilikuwa nimezisahau. Bi. Fatuma, pamoja na hasira zake, amesema mtoto ana macho ya babu yake.

Rajabu alisimama kidogo, fimbo mkononi.

"Macho yapi?" aliuliza. "Ya kabla, au haya?"

Leo nitamtazama mtoto vizuri, kisha nitamjibu.

Basi halijaondoka. Yeye yuko mlangoni tayari, amenigeuzia mgongo, uso wake umeelekea mashariki kana kwamba anachungulia. Ananiuliza kama mawingu bado yapo. Nimemwambia yapo.

Lakini pale ukutani, juu ya meza hii ninayoandikia, kimeanza kuonekana kipande kidogo cha mwanga wa jua. Naacha hapa.